Umisheni wa Watoto Karonga: Maswali Tunayoulizwa Kila Mwaka

Kila ikifika Machi, tangazo la safari ya Karonga likishasomwa kanisani, simu ya idara yetu ya Shule ya Jumapili haitulii. Maswali ni yale yale, ila kila anayepiga anadhani ni yeye wa kwanza kuuliza. Tumeyaweka hapa pamoja. Sisi ni walimu wa watoto wa usharika mmoja wa Mbeya mjini, na kwa miaka kadhaa sasa tunavuka mpaka wa Kasumulu kwenda wilaya ya Karonga, kaskazini mwa Malawi, kukaa siku kumi na watoto wa usharika tunaoshirikiana nao. Anayeandika ni mmoja wetu, kwa hiyo pengine utasikia "mimi" badala ya "sisi".

Kwa nini Malawi? Watoto wa Mbeya wameisha?

Hawajaisha. Jumapili nyingine zote za mwaka tuko nao hapa hapa, na havuki mtu mpaka kabla hajafundisha watoto usharikani kwake mwaka mzima. Sharti hilo tuliliweka baada ya kugundua kuna watu wanaoijua njia ya Karonga kuliko njia ya kwenda darasa la watoto lililo nyuma ya kanisa lao.

Karonga walituita wenyewe. Mwinjilisti wao alikuja Kyela kwenye msiba, akakaa benchi moja na mwenyekiti wetu, mazungumzo yakaanzia hapo. Halafu kule si ugenini kama ramani inavyotaka uamini. Mnyakyusa wa huku na Mngonde wa kule wanasikilizana lugha, na watu wamekuwa wakiuvuka mto Songwe kwenda kuoana tangu kabla Mjerumani na Mwingereza hawajaufanya mpaka. Hata Injili ilipita upande huo: wamisionari Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja kwa njia ya Ziwa Nyasa, ambako Waskoti walikuwa kazini tangu 1875. Mzee mmoja wa kanisa letu huiita safari hii "kurudisha bakuli", maana bakuli la jirani huwa halirudishwi tupu.

Nani anaruhusiwa kwenda?

Awe ametimiza miaka 18, awe amefundisha Shule ya Jumapili mwaka mzima, awe na barua ya mchungaji wake na watu wawili wa kumdhamini ambao si ndugu zake. Tunataka pia cheti cha polisi kinachoonyesha hana rekodi ya uhalifu, kile kinachotolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Halafu kuna usaili, na semina ya Jumamosi tatu ambayo haina udhuru.

Cheti cha polisi ndicho kinachowaudhi watu. "Mimi mzee wa kanisa miaka kumi na mbili, leo nikapigwe vidole wino?" Ndiyo, baba. Mtu anayeaminiwa na kila mzazi ndiye anayeachiwa watoto bila swali, kwa hiyo tunaanza na yeye. Mwenyekiti wetu alitangulia kupeleka vidole vyake, tukamfuata wote, mama mchungaji akiwemo.

Sijasoma chuo cha Biblia. Je, nitafaa?

Utafaa. Anayejua kukaa kwenye mkeka na kusikiliza ana faida kubwa kuliko anayejua kuhubiri. Wahubiri huwa wanatupa shida kidogo, kusema kweli: wakiona watoto mia moja wanataka kipaza sauti.

Sijui Kichewa. Nitaongeaje na watoto?

Kichewa ndicho utakachokisikia ukienda kusini zaidi. Karonga utakutana na Kingonde na Kitumbuka, na biashara ya mpakani imewafanya wengi waelewe Kiswahili. Anayetoka Tukuyu au Kyela na anayejua Kinyakyusa atajikuta ndiye mkalimani wa timu siku ya kwanza tu. Asiyekijua ajifunze kushukuru: "ndaga" kwa Mngonde, "yewo" kwa Mtumbuka, "zikomo" kwa Kichewa. Ukikosea watoto watacheka. Waache wacheke, ni njia nzuri sana ya kufahamiana nao.

Jambo moja tu. Usiwafundishe watoto nyimbo za Kiswahili tupu siku zote kumi kwa sababu eti wanazipenda. Wanazipenda, lakini ukiondoka mwalimu wao anabaki na watoto wanaoimba maneno asiyoweza kuyaeleza. Kila wimbo tunaoupeleka, mwalimu wa pale huutafsiri kwanza. Asipoupenda, haufundishwi.

Pasipoti na viza vikoje?

Pasipoti ni lazima. Ya kielektroniki, iliyoanza mwaka 2018, ni shilingi 150,000. Fomu unaijaza kwenye mtandao wa Idara ya Uhamiaji, unaichapa, unapeleka ofisini pamoja na namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi au kiapo badala yake. Anza mapema. Cheti cha kuzaliwa cha mama kimekwamisha watu wengi kuliko hela.

Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi ya Malawi. Lakini sisi hatuendi kutembea tu, kwa hiyo tunabeba barua ya mwaliko ya kanisa la kule na barua ya utambulisho ya kwetu, na kiongozi wa msafara hueleza wazi dirishani tunakwenda kufanya nini na watoto wa nani. Kila mwaka yuko mmoja anayenong'ona kwamba ni rahisi zaidi kusema "namtembelea shangazi". Huwezi kuanza umisheni wa watoto kwa uongo mbele ya afisa uhamiaji.

Tunasafirije?

Kosta kutoka Nane Nane, kupitia Uyole na Tukuyu, mpaka Kasumulu. Tunaondoka alfajiri ili tuvuke mchana. Mpakani utazungukwa na vijana wa bodaboda, baiskeli na wabadilisha hela kabla hujashuka. Mizigo inashikwa na wenyewe, na hela inabadilishwa na mtunza hazina peke yake. Ukishavuka daraja la Songwe, Karonga ni chini ya kilomita 50. Usisahau kurudisha saa nyuma kwa saa moja: Mbeya ikiwa saa tatu asubuhi, kule ni saa mbili. Na wao wakikuandikia "kipindi saa 8" wanamaanisha 8 ya kwenye saa ya mkono, yaani saa mbili yetu ya asubuhi. Mwaka mmoja nusu ya timu ilikwenda kuoga na kula kwanza, ikijua kipindi ni mchana.

Chanjo, malaria na mengineyo?

Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na wengi wetu tumesahau mbu anafananaje. Ziwa liko chini ya mita 500. Ni joto, na malaria ipo ya kutosha. Beba chandarua chenye dawa, uone daktari kabla ya safari akushauri kuhusu dawa za kinga, na ukipata homa hata wiki tatu baada ya kurudi ukapime, umwambie daktari ulikuwa wapi.

Kadi ya njano ibebe, huenda ikaulizwa mpakani. Chanjo ya homa ya manjano inataka ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari, na tangu 2016 cheti chake hakiishi muda. Kipindupindu kiliisumbua sana Malawi mwaka 2022 hadi 2023, kwa hiyo maji ni ya kuchemsha au ya chupa, na mikono inanawishwa kwa sabuni kabla ya uji, yetu na ya watoto.

Ziwa. Najua. Ukiliona utataka kuingia. Lina kichocho, hasa kwenye fukwe zenye majani na maji yaliyotulia. Aliyeingia akapime baada ya wiki kadhaa, dawa yake ipo na inatibu. Lakini hakuna mtu wa timu anayeruhusiwa kwenda kuogelea na watoto, hata wakiwa wanajua kuogelea kuliko yeye, jambo ambalo kwa watu wa Mbeya ni hakika.

Na wakiliita Ziwa Malawi, liitikie hivyo hivyo. Ubishi wa mpaka una mizizi kwenye mkataba wa Mjerumani na Mwingereza wa 1890, hautamalizwa na mwalimu wa Shule ya Jumapili kwenye chai.

Tunafanya nini hasa siku nzima?

Hili ndilo swali tunalolipenda, kwa sababu jibu lake tulilipata kwa aibu.

Mwaka wa kwanza tulikwenda Juni, shule zetu zikiwa zimefungwa. Tulikuwa na vikaragosi vya soksi, maturubai, ngoma mbili na ratiba ya kuanzia asubuhi hadi jioni. Jumatatu asubuhi tukafika kanisani tumevaa fulana zetu za rangi moja, tukamkuta mama mmoja anafagia uwanja. Akatuuliza tunamtafuta nani. "Watoto." Akatutazama kwa huruma. "Watoto wako shule." Mwaka wa masomo wa Malawi huanza Septemba na kumalizika Julai, Juni wako katikati ya muhula. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Na wenyeji wetu, kwa ustaarabu wao, waliona si vizuri kuwauliza wageni mbona mnakuja siku za shule.

Tulikaa chini ya mwembe tukiwa tumenyong'onyea. Mama yule akawaita walimu wawili wa Shule ya Jumapili waliokuwa karibu, baadaye wakawa watano. Tukaanza kuulizana: wewe darasa lako lina watoto wangapi? Unafundishaje ukiwa huna kitabu? Yule mkorofi unamfanyaje? Mpaka saa sita tulikuwa bado tunaongea. Tangu hapo ratiba imegeuka. Asubuhi ni ya walimu wao na sisi, tunaandaa somo pamoja. Mchana, madarasa ya chini yakishatoka, ni ya watoto, na Jumamosi ni siku nzima.

Anayefundisha ni mwalimu wa pale. Sisi tunashika kitambaa cha picha za somo, tunakaa na wadogo, tunagawa chaki, tunampeleka mtoto chooni (wawili wawili, nitaeleza), tunaosha vikombe vya uji. Kuna watu husikia hivyo wakaghairi. Nimefunga safari yote hiyo nikaoshe vikombe? Ndiyo, na tunashukuru wanapoghairi mapema, kabla hatujalipa Kosta.

Kuna mwaka tulimpa mwenzetu somo la Luka 5, Petro na nyavu. Mtu wa Uyole huyu, amekulia kwenye viazi, mtumbwi aliuona kwenye kalenda. Akasimulia vizuri tu: wavuvi wamekesha, hawakupata kitu, asubuhi wanaosha nyavu. Mtoto mmoja wa miaka kama tisa, fulana imechanika begani, akanyoosha mkono: "Mwezi ulikuwa mkubwa?"

Mwenzetu akanyamaza. Hakujua ajibu nini. Mwalimu wa pale, aliyekuwa ameegemea nguzo nyuma, akacheka na kutueleza. Pale usipa, dagaa wa ziwa lile, huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, samaki hawaifuati taa, na mtu anaweza kukesha akarudi na mtumbwi mtupu. Mtoto alikuwa anatafuta sababu ya Petro kukosa. Tukampa yule mwalimu kitambaa, akamalizia somo yeye, na watoto waliokuwa wanachezea mchanga kwenye kona wakasogea mbele wenyewe.

Sisi Waafrika mtoto ni wa wote. Mbona masharti mengi juu ya kumgusa au kukaa naye?

Mtoto ni wa wote pale ambapo wote wanajuana. Kijijini kwetu ukimshika mtoto wa jirani mkono, watu kumi wanakuona, na wanajua nyumba yenu, ukoo wenu na jina la babu yako. Ukifika Karonga hakuna anayejua lolote kukuhusu. Una fulana, una tabasamu na barua ya kanisa. Mtu mwenye nia mbaya naye anaweza kuwa na vyote vitatu.

Kwa hiyo hakuna mtu mzima anayekaa na mtoto peke yake, popote: chooni, garini, chumba cha maombi, njiani kurudi nyumbani. Wawili kwa pamoja, mmoja wao akiwa mwenyeji. Mtoto akikukumbatia, mpokee hapo hapo mbele za watu, mpige bega, mwelekeze kwa wenzake. Watoto wakubwa hawapakatwi. Hachukuliwi mtoto kwenda tunakolala, hata kwa soda. Hubadilishani namba za simu na mtoto wala kijana aliye chini ya miaka 18, na "aliniomba mwenyewe" si utetezi. Sheria ya Mtoto yetu ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na kipimo hicho ndicho tunachokibeba hata tukivuka mto.

Fimbo pia. Najua shule zetu bado zina viboko na wengi wetu ni walimu. Malawi viboko shuleni vimekatazwa, na kwenye kipindi chetu havipo, wala kufinya sikio, wala kumpigisha mtoto magoti. Mkorofi hupewa kazi ya kugawa chaki. Kwa wengi inatosha.

Kwa nini hamruhusu kusema "nitarudi"?

Hapa niongee mwenyewe.

Nimekulia Iringa, upande wa Kilolo. Nikiwa darasa la tatu walikuja wageni wa kanisa kutoka ng'ambo, wakakaa wiki mbili. Dada mmoja wao alinifundisha kusuka bangili za nyuzi. Kila jioni tulikaa kwenye ngazi za kanisa, yeye anashika ncha moja, mimi nasuka. Siku ya kuondoka alilia, mimi nikalia, akaniambia kwa mkalimani kwamba mwaka ujao anakuja na ataniletea nyuzi nyingi zaidi. Nilibaki na kipande cha uzi wa zambarau, nikakiweka kwenye kopo tupu la siagi. Mwaka uliofuata gari likaja kweli. Nilikimbia nalo kutoka kona ya chini mpaka kanisani. Walishuka watu wengine kabisa, na wa kwanza akaniinamia akaniuliza, jina lako nani? Nikamwambia. Mwaka wa tatu gari lilipokuja sikulikimbilia.

Sidhani yule dada alinidanganya. Nadhani siku ile alimaanisha. Ila mtoto hana namna ya kujua tofauti ya neno lililomaanishwa na neno litakalotimizwa.

Basi kwetu mtoto haahidiwi. Si kurudi, si mpira, si ada, si "nitakutafutia mfadhili". Siku ya kwanza tunawaambia watoto tutakaa siku ngapi, na siku mbili kabla ya kuondoka tunawakumbusha, tukiwa tumekaa na mwalimu wao ambaye Jumapili inayofuata atakuwepo. Kuaga ni kwa wimbo, asubuhi, mbele ya wazazi. Hakuna kulia makusudi. Ukiona machozi yanakuja nenda nyuma ya Kosta ukalie huko, wengi tumeshalia huko.

Naruhusiwa kupiga picha?

Mpiga picha ni mmoja wa timu, kwa kamera ya idara, kwa ruhusa ya wazazi iliyoandikwa. Simu zenu zinakaa kwenye mabegi wakati wa vipindi. Picha ya mtoto haiwekwi kwenye stetasi wala popote mtandaoni. Kipimo chetu ni rahisi: kama usingependa mgeni ampige mwanao hivyo, kamasi puani na nguo imepasuka, halafu watu wa nchi nyingine waandike "maskini" chini yake, usipige.

Naweza kupeleka zawadi? Pipi? Nguo za mitumba?

Pipi hapana. Tulipeleka mwaka wa pili, pakiti nane. Zikiwa zimebaki za kiganja kimoja watoto wakafika karibu mia mbili, wakasukumana, msichana mdogo akaanguka akakanyagwa mkono. Hakuvunjika, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimeshika pakiti, na sauti yake naikumbuka.

Vitu vyote hukabidhiwa kwa kanisa la pale, kwa orodha, na wao hugawa kwa utaratibu wao tukiwa tumeshaondoka. Kabla ya kununua tunawauliza wanahitaji nini. Mwaka jana walitaka mikeka, ubao wa kuandikia na madaftari ya walimu. Hakuna aliyetaja nguo. Dawa usimpe mtoto hata panadol; mgonjwa anapelekwa kituo cha afya na mzazi wake.

Tutatembelea kituo cha yatima?

Hapana, na tunajua wengi mnasikitika. Makanisa mengi yameizoea ziara ya yatima: unafika, watoto wanaimba, unagawa biskuti, unapiga picha, unaondoka umeguswa. Mtoto anayelelewa kituoni huona watu wapya wakija kumpenda kwa saa mbili, wiki baada ya wiki, mpaka anajifunza kumrukia kila mgeni. Sisi tunaita ukarimu, lakini ni mtoto asiyejua tena nani ni wake.

Tena watoto wengi walioko vituoni duniani wana mzazi au ndugu aliye hai. Umaskini ndio uliowafikisha pale. Wageni na michango yao vinapokuwa vingi, kituo kinapata sababu ya kutafuta watoto zaidi. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaja madhara ya kujitolea kwenye makao ya yatima katika azimio lake la mwaka 2019. Mwenye mzigo na yatima ana kazi kubwa hapa Mbeya: bibi anayelea wajukuu wanne mtaani kwako anahitaji mtu wa kumlimia robo eka, tena kila msimu.

Mtoto akinieleza jambo zito, nifanyeje?

Msikilize mpaka amalize. Usimhoji kama polisi, usimwambie "sitamwambia mtu", kwa sababu itabidi umwambie. Mwambie amefanya vizuri kusema. Halafu siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha jioni, mpe taarifa kiongozi wetu wa ulinzi wa watoto na mwenzake wa kanisa la pale. Wao ndio wanaojua njia ya kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya na polisi. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure kwetu, na Malawi nao wanatumia 116.

Usiligeuze kuwa ombi la maombi kwenye kundi la WhatsApp la timu. Na kama anayetajwa ni mmoja wetu, au mchungaji, au mtu aliyechangia nusu ya nauli, utaratibu ni huo huo. Kuanzia siku hiyo mtu huyo haonani tena na watoto.

Watoto wangapi huokoka?

Hatuhesabu. Zamani tuliwauliza nani anataka kumpokea Yesu, mikono yote ikanyooka. Kesho yake tukauliza tena, ikanyooka yote, pamoja na ya jana. Siku ya tatu mmoja wetu aliuliza nani anataka uji, ikanyooka vile vile. Mtoto hupenda kumfurahisha mgeni. Anayetaka kuomba, mwalimu wake na wazazi wake wapo, na hao ndio watakaomwona Agosti na Desemba. Wapo pia watoto wa Kiislamu wanaokuja kucheza. Wanakaribishwa, wanacheza, hawasukumwi, na wazazi wao wanaelezwa mapema kipindi kinahusu nini.

Gharama ni kiasi gani na zinatoka wapi?

Kiasi kinatangazwa Aprili, kwa sababu kwacha haitabiriki. Novemba 2023 ilishushwa thamani kwa mpigo mmoja na bei zote tulizopigia hesabu zikawa za kale. Kila mmoja hulipa pasipoti na chanjo yake. Nauli na chakula ni mchango wako, sadaka ya idara na harambee moja. Tunalala kwenye nyumba za wenyeji na tunachangia mchele na mafuta, ili mama mwenye nyumba asiwanyime wanawe kwa ajili yetu. Atataka kuchinja kuku. Mkubalie mmoja.

Michango hukusanywa kwa jina la idara. Barua za mtu binafsi za "nisaidie niende nikaokoe watoto wa Malawi" tumezipiga marufuku. Walimu wa kule wanasoma Kiswahili.

Nina mtoto mchanga, naweza kuja naye?

Subiri aache kunyonya. Joto na mbu si vya kuchezea.

Na wao huja kwetu?

Wanakuja. Kwa miaka miwili sasa walimu watatu au wanne wa Karonga huja Mbeya shule zao zikishafungwa, mwishoni mwa Julai, wanafundisha watoto wetu kwa wiki moja, na sisi ndio tunaoshika kitambaa. Watoto wetu wamejifunza kwao wimbo wa kuhesabu mitumbwi ambao sasa unaimbwa hadi kwenye daladala za Mwanjelwa. Yule mama aliyekuwa akifagia uwanja alikuja safari ya kwanza. Alishuka Nane Nane saa kumi na mbili jioni na gauni la mikono mifupi na khanga moja, akasimama pale anatetemeka, akatuuliza kama hii ndiyo baridi tuliyoificha miaka yote. Kwa hiyo anayetaka kupokea mgeni mwaka huu ajiandikishe kwa katibu, na aandae blanketi mbili, sweta, na maji ya moto ya kuoga.